Malisho, Mbuga na Hifadhi: Suala la Ng'ombe Kusini ya Nairobi

Kijiji cha Kianda kimo upande wa magharibi wa Kibera, katika jiji la Nairobi. Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Na ndivyo palivyokuwa mnamo 1904, askari wa Kinubi wa kikosi cha King's African Rifles walipoanza kukaa hapo. Kilomita chache kusini ya msitu huo ulianza uwanda wa nyasi uliozua swali ambalo halijakwisha: je, ng'ombe walishwe katika ardhi iliyotengewa wanyama wa kuwindwa?

Yafaa ikumbukwe kwamba wazo la kutenga nyasi halikuletwa na Wazungu. Wamaasai wana neno olopololi, yaani malisho ya karibu na boma yanayofungwa wakati wa mvua ili ndama na mifugo dhaifu wapate kula kiangazi. Kufungwa kwa olopololi kuna siku ya kufunguliwa, na wanaoiamua siku hiyo ni wenye ng'ombe wenyewe.

Utengaji wa serikali ya kikoloni ulikuwa wa namna nyingine. Sheria zake ziliwaita wanyama kwa neno la Kiingereza ambalo maana yake ya kwanza ni mchezo, na kwa hakika walihifadhiwa kwa ajili ya mchezo wa wenye leseni. Hata hivyo eneo kubwa la kusini lililotengewa wanyama mwanzoni mwa karne ya 20 liliingiliana na ardhi waliyoachiwa Wamaasai kwa mikataba ya 1904 na 1911. Ng'ombe wakaruhusiwa kubaki. Hoja iliyotolewa ni kwamba Mmaasai hali nyama ya porini (ingawa pofu na nyati, wanaofananishwa na ng'ombe, hawakukataliwa kabisa). Ruhusa hiyo, basi, ilisimama juu ya desturi ya watu, si juu ya haki yao. Siku ambayo ng'ombe wenyewe wangehesabiwa kuwa adui wa wanyama, ruhusa ingekosa pa kusimama.

Siku hiyo ilifika kwanza katika uwanda uliopakana na mji. Kisheria uwanda huo uliitwa malisho ya wote, na hapo walichunga Wamaasai na Wasomali, huku jeshi likiutumia kwa mazoezi. Katika miaka ya 1930 Mervyn Cowie aliandika barua gazetini kwa jina la kubuni, akipendekeza kwamba wanyama wote wauawe kwa bunduki. Nia yake ilikuwa kuwachokoza wasomaji, nao wakachokozeka. Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa 1945, wachungaji wa Kisomali wakahamishwa, na mwezi wa Desemba 1946 uwanda huo wa kilomita za mraba zipatazo 117 ukatangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Kenya.

Lugha nayo ilihama. Mbuga ni uwanda wa nyasi tu, bila kutaja mwenyewe. Lakini katika Kenya mbuga imekuwa mahali penye lango na kiingilio. Anayesema leo kwamba ng'ombe wake wako mbugani yu karibu kukiri kosa. Katika Tanzania neno rasmi ni hifadhi, lenye asili ya Kiarabu: neno hilo ladokeza kwamba mlinzi yupo, bali halisemi analindiwa nani.

Kiini cha suala ni maji ya kiangazi. Upande wa kusini, penye mto Mbagathi, hifadhi haina ua. Mvua zinyeshapo, nyumbu na punda milia, ambao idadi yao imepungua mno, hutoka kwenda Kitengela na nyanda za Athi na Kapiti, wakala nyasi za Wamaasai bila kuomba. Kiangazi wao hurudi hifadhini, ng'ombe hukatazwa kuwafuata. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza. Hayo yalikuwa malipo ya kuwalisha wanyama, si ruhusa ya kulisha ng'ombe. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Sababu ya kwanza ya kutenga ilikwisha, katazo likabaki, na katika ukame wa 2009 na wa 2017 ng'ombe walionekana wakila nyasi za kando ya barabara za Nairobi.

Kibera nayo iliishi kwa ruhusa ya aina hiyo hiyo. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitengwa rasmi kwa ajili ya askari. Kufikia miaka ya 1930 serikali ilikuwa ikiwahesabu Wanubi kuwa wapangaji wa kuondoshwa wakati wowote. Hati ya ardhi waliipata mwaka 2017, kwa ekari 288.