Chakula Kisichowekewa Rehani: Habari za Handeni na Korogwe

Mtu akitaka kuzijua habari za nchi yetu, na aulize kwanza habari za njaa. Korogwe kuna mto Pangani na mashamba ya mkonge. Handeni hutegemea mvua, na mvua haina ahadi.

Zamani mwenye ghala alimpa chakula mwenye njaa, naye mwenye njaa akawa mtu wake. Katika njaa ya miaka ya 1880 wako Wazigua walioteremka Pangani wakaweka watoto wao rehani, hata nafsi zao, wapate nafaka; na rehani isiyokombolewa iligeuka utumwa. Hatusemi kwamba kila mwenye ghala alikuwa mtu mwovu. Mkubwa aliyelisha watu wake aliwalinda pia, na Wadachi walipovunja nguvu za wakubwa hao, wakaleta na kodi ya nyumba mwaka 1898, wengi walipatwa na njaa wasiwe na mtu wa kumkimbilia.

Lakini habari ituumizayo zaidi ni ya kale kuliko hiyo. Katika miaka ya 1830 jua liliunguza mashamba ya Uzigua, na watu wakaambiwa kwamba ng'ambo kuna kazi na chakula. Wakapanda majahazi, wakauzwa katika pwani ya Benadiri. Baadaye wengine walitoroka, na mapokeo husema aliyewaongoza alikuwa mwanamke, jina lake Wanankhucha, hata wakafika bonde la mto Juba, wakalima huko. Walikaa zaidi ya miaka 150, na Kizigua hawakukiacha. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walirudi kwa bahari. Walikaa kwanza Mkuyu, kisha mwaka 2003 wakahamia Chogo, yote katika Handeni, na serikali ikawapa wengi wao uraia. Hivyo wajukuu wa watu waliotolewa kwao kwa kibaba cha nafaka waliona tena nchi ya babu zao. Nasi tusomao katika Torati kwamba mwaka wa jubilei aliyeuzwa hurudi kwa jamaa yake, hatuwezi kuipita habari hii upesi.

Waingereza walikomesha utumwa kwa sheria mwaka 1922. Hata hivyo mwenye njaa aliyekwenda kwenye mkonge alipewa posho na kipande cha siku thelathini. Haukuwa utumwa, la. Lakini chakula bado kililipwa kwa mwili.

Basi tazameni jinsi kazi ya siku hizi ilivyo mpya. Mwaka 1973 serikali iliweka Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1983 ilianza Iringa kazi ya kupima uzito wa watoto vijijini, nao wanakijiji wenyewe ndio walioshika mizani. Sasa jambo hilo limeenea. Kila miezi mitatu huwa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji: mtoto huzungushiwa utepe mkononi, na rangi nyekundu ikionekana hupelekwa zahanati siku ile ile. Wanaojitolea huwafundisha akina mama kuchanganya katika uji karanga, dagaa au yai, na kutoacha kisamvu na mchicha, maana ugali mtupu hushibisha tumbo ukadanganya macho. Mtoto aweza kuwa na tumbo lililojaa, na mwili wake una njaa.

Hakuna aandikwaye deni. Huo ndio ugeni wa kazi hii, nao huharibika upesi. Mtu akigawa unga kisha akadai kura, au akawaruka wasio wa dini yake, ameirudisha rehani kwa mlango wa nyuma. Twaomba wazee wa kanisa waliangalie hilo bila kuoneana haya.

Tena wako wajitoleao ambao shamba lao linaumia. Mama aliyepima watoto wa jirani asubuhi nzima wakati wa palizi hurudi akakuta magugu yamesonga mahindi yake, na watoto wake nao wanataka kula. Kumshukuru kanisani hakumpalilii. Babu zetu walikuwa na ujima: watu walialikana kwa majembe, shamba la mmoja leo, la mwingine kesho. Watu kumi wakiamka mapema siku moja, ekari moja ya mama huyo yaweza kwisha kabla jua halijawa kali.