Neno Likiwa Ufunguo: Istilahi za Kiolesura na Funzo la Kigoma

Mji wa Kigoma, ambao wengi huuita mwisho wa reli, umezoea kupokea vyombo vipya. Kabla ya reli, Ujiji ilikuwa kikomo cha njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata ilishushwa ziwani meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kuunganishwa upya Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika mambo hayo yote kitu kilitangulia, jina likafuata. Abiria wa Ujiji aliweza kupanda Liemba na kushuka Kasanga pasipo kujua jina hata moja la mtambo uliomchukua.

Kompyuta imeugeuza utaratibu huo, na hilo ndilo jambo linalokusudiwa kuelezwa hapa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa mitambo hiyo ulipigwa marufuku, katazo ambalo baadaye lililegezwa. Siku hizo mashine iliamrishwa na wataalamu wachache waliokariri amri zake. Lakini mwaka 1973 maabara ya Xerox huko California ilikuwa imeunda Alto, kompyuta iliyoonyesha kazi kwa madirisha na picha, na mwaka 1984 Macintosh ya kampuni ya Apple iliufikisha mtindo huo kwa umma. Tangu hapo mtumiaji husoma neno au hutazama picha, kisha huchagua. Uso huo wa mashine ndio uitwao kiolesura. Neno lililoandikwa juu yake ndilo ufunguo wa kazi. Likifahamika vibaya, kazi haifanyiki, au hufanyika nyingine isiyokusudiwa.

Kiswahili hakikubaki nyuma. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Ilidhihirika kwamba lugha hii yaweza kuibeba kompyuta. Swali lililosalia ni kama kila neno linamfaa mtu anayelikuta mahali lilipowekwa.

Swali hilo laonekana vema kandokando ya Gombe. Mwaka 2009 Taasisi ya Jane Goodall ilianza kuwafundisha walinzi wa misitu ya vijiji kutumia simu za Android zenye Open Data Kit, programu iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Mlinzi aonapo kisiki kibichi, mtego au dalili za sokwe, hujaza fomu, na simu hutia alama ya mahali. Kiolesura chake kimebuniwa kwa busara: swali huweza kusimama peke yake kwenye skrini, kazi huendelea pasipo mtandao, na fomu moja yaweza kuandikwa kwa lugha zaidi ya moja.

Sasa tuchukulie kwamba fomu ya namna hiyo imeandikwa na fundi aliyeko Dar es Salaam, naye amri ya kuweka kumbukumbu ameiita "Hifadhi". Neno ni sanifu. Lakini kwa watu wa Gombe hifadhi ni pori lenyewe: Hifadhi ya Taifa, msitu wa hifadhi. Likiwa chini ya swali la mahali mtego ulipoonekana, mlinzi aweza kulidhania kuwa jibu, akalibonyeza kabla hajamaliza. Vivyo hivyo "Ghairi" kwa mtu ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiha. Hapo hapana budi kusema kwamba kosa si la mlinzi. Na kinachopotea ni ushahidi wa msitu. "Weka kumbukumbu" na "Acha" yangetosha.

Mwaka 1994 Jakob Nielsen alitoa kanuni 10 za ubunifu wa violesura, mojawapo ikiwa kwamba mfumo useme lugha ya mtumiaji. Alifundisha pia kuwa kuwatazama watumiaji watano tu wakifanya kazi hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Vyuo vyetu hufundisha ufundi wa programu kwa Kiingereza. Hivyo mwanafunzi huipokea kanuni hii kwa lugha moja na hutakiwa kuitimiza kwa nyingine, ambayo hakufunzwa kuipima.

Yafaa basi mambo matatu yafanyike. Mfasiri apewe picha ya skrini, si orodha ya maneno matupu. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake, kabla programu haijakamilika, kwa watu watano watakaoitumia: wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, wachuuzi wa Ujiji, walinzi wa misitu. Nasi tunaosanifu istilahi tuandike kando ya kila neno mahali linapokaa na kazi linayoifanya. Abiria wa Liemba hakuhitaji msaada wetu ili asafiri. Mlinzi wa msitu anauhitaji.