Mapambo ya Wasukuma na Thamani Yake

Mwakitolyo, katika wilaya ya Shinyanga, wachimbaji wadogo hutoa dhahabu chini ya ardhi ambayo Wasukuma wa zamani waliilima na kulishia ng'ombe. Dhahabu ya Geita ilijulikana kwa Wazungu mwaka 1898, na almasi ya Mwadui mwaka 1940. Lakini pambo lililoheshimiwa kupita yote katika nchi hii halikutoka chini ya ardhi yake. Lilikuwa kisahani cheupe, kilichokatwa katika kitako cha kombe la baharini. Ntemi alikivaa, nacho kilikuwa alama ya utemi wake.

Tufikiri umbali wa safari ya kombe hilo. Burton na Speke walitoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi Juni 1857, wasifike Kazeh, ndiyo Tabora, ila mwezi Novemba. Na Usukuma u mbele bado. Basi aliyevaa kisahani alivaa miezi ya njia, jasho la wapagazi na hongo za watemi wengi. Wala tusiwacheke wazee kwa hayo. Almasi ya rangi ya waridi iliyookotwa Mwadui ilipelekwa Uingereza mwaka 1947, iwe tunu ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Watawala wote hupenda kitu cha mbali.

Ushanga nao ulikuwa fedha kabla ya kuwa pambo. Burton aliandika kwamba samesame, ushanga mwekundu, uliitwa pia kimaliza-pamba, kwa kuwa mtu alitoa hata chakula chake aupate, na kivunja-mji, kwa ajili ya tamaa ya wanawake. (Jina hili la pili, twadhani, lilitungwa na waume waliodaiwa.) Juu ya hayo palikuwa na vitindi vya shaba mikononi, na nyerere, nyuzi nyembamba za madini, miguuni.

Hapa ndipo penye shida yetu sisi walimu. Wengi waliotutangulia waliwaamuru wanafunzi kuvua yote, hirizi na ushanga pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Twaona haikuwa haki. Bangili iliyoagizwa na mfumu kwa ajili ya mizimu ni jambo la ibada, na Mkristo ana sababu ya kuiacha. Bali kitindi ni mali, na kisahani cha ntemi ni mfano wa muhuri wa serikali. Padre David Clement alilifahamu jambo hili, akakusanya Bujora, karibu na Mwanza, vyombo vya watemi na vya ngoma, ambavyo vimehifadhiwa huko hata leo. Utemi wenyewe uliondolewa na serikali mwaka 1963.

Twawaomba walimu walio karibu na bibi wazee wawaulize jina la kila pambo kwa Kisukuma, na nani aliyempa nani, na siku gani lilivuliwa, wakayaandike.