Kinywa cha Mgonjwa wa Sukari: Historia Yatufunza Nini?

Leo tutazame kinywa cha mgonjwa wa sukari aliyezidiwa. Nikizuru nyumba za Likoni na Changamwe, mara nyingi namkuta mgonjwa ameogeshwa na shuka ni safi, lakini kinywa hakijaguswa siku tatu.

Zamani kisukari hakikuwa na dawa. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best waligundua insulini mjini Toronto, Kanada. Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa wa kwanza kudungwa. Tangu hapo wengi waliokuwa wakifa wakaishi. Lakini insulini haisafishi kinywa. Sukari ikipanda, mate hukauka, vijidudu na fangasi hustawi. Maambukizi nayo huzidi kuipandisha sukari.

Wenzetu wa India waliyaona haya mwaka 2021, wakati wa Korona. Kufikia mwisho wa Juni, zaidi ya watu 40,000 walikuwa wameshikwa na fangasi hatari inayoanzia puani na kuingia kwenye kaakaa, macho, hata ubongo. Wengi wao walikuwa na kisukari, na wengi walikuwa wamepewa dawa za steroidi, ambazo hupandisha sukari. Wako waliopoteza jicho ili waokolewe.

Pwani yetu yajua usafi wa kinywa tangu kale. Mswaki ulikuwa kijiti cha mti kabla ya kuwa brashi ya dukani. Mgonjwa asiyejiweza hawezi kukitafuna, basi msaidie hivi:

- Nawa mikono. Mlaze ubavu, umsafishe kwa brashi laini asubuhi na usiku.
- Kama hana fahamu, usimmiminie maji wala usimtie kidole kinywani. Tumia brashi yenye unyevu kidogo tu.
- Meno ya bandia yatoe, yaoshe, yalale ndani ya maji safi.
- Mpake mafuta midomoni.
- Angalia kwa tochi kila siku. Utando mweupe usiukwangue. Mwone muuguzi upate dawa.
- Usiache insulini kwa sababu hali chakula. Uliza kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ukiona doa jeusi kwenye kaakaa, uso kuvimba upande mmoja, jicho kuuma au makamasi yenye damu, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje asubuhi, hata kama ni kuvuka feri usiku.

Kwaheri, mama. Leo jioni washa tochi, utazame.