Utunzaji wa pikipiki iliyotumika

Utunzaji wa pikipiki iliyotumika ni kazi ya kukagua, kutengeneza na kuhudumia pikipiki iliyokwisha kumilikiwa na mtu mwingine ili iendelee kutumika kwa usalama. Katika vijiji vya Tanzania kazi hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa pikipiki hufika mahali ambapo gari halifiki, na wanunuzi wengi hawana uwezo wa kununua mpya.

Katika nchi kadhaa kazi ya kupita shambani, porini na kwenye matope hufanywa na pikipiki ya magurudumu manne. Chombo hicho kilitanguliwa na pikipiki ya magurudumu matatu ya kampuni ya Honda, US90, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970. Suzuki ilileta ya magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchini Tanzania aina hiyo huonekana zaidi katika shughuli za utalii. Mzigo wa kijijini hubebwa na pikipiki ya kawaida, kama Boxer, TVS au SanLG, yenye injini ya silinda moja na mipigo minne, inayopozwa kwa hewa, na ujazo wa sentimita za ujazo 100 hadi 150.

Mazingira ya Kilosa

Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, ina milima upande wa magharibi na tambarare ya Mkata upande wa mashariki. Katika kata kama Chanzuru, njia za kwenda mashambani ni za udongo. Wakati wa masika udongo huo hunata kwenye magurudumu na cheni. Wakati wa kiangazi hugeuka vumbi laini linalopenya kila mahali. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyoharibu hata reli ya kati, yalionyesha jinsi maji yanavyoweza kuvuruga usafiri wa eneo hili.

Kwa sababu hiyo, umri wa pikipiki na kilomita zilizosomeka kwenye mita havitoshi kueleza uchakavu wake. Mara nyingi waya wa mita umekatika zamani, na namba imesimama palepale. Pikipiki ya miaka minane iliyokingwa dhidi ya vumbi na maji inaweza kuwa nzima kuliko ya miaka miwili iliyoachwa bila chujio.

Ukaguzi kabla ya kununua

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha mapema na kuipasha moto kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu unaonyesha kwamba oili inaungua ndani ya silinda, kwa kawaida kwa sababu ya ringi za pistoni au sili za vali zilizochakaa. Moshi mweusi ni dalili ya petroli kuzidi, na kasoro hiyo mara nyingi hurekebishwa kwenye kabureta au kwa kusafisha chujio. Oili yenye rangi kama chai ya maziwa imeingiwa na maji.

Gurudumu la nyuma likishikwa na kutikiswa kushoto na kulia lisicheze. Likicheza, beringi zimekwisha. Fremu iangaliwe chini ya kiti na kwenye maungio ya shokapu, maana hapo ndipo uzito wa magunia huangukia, na nyufa zilizochomelewa hufichwa kwa rangi mpya.

Chujio la hewa na oili

Baadhi ya madereva huondoa chujio la hewa wakiamini kwamba injini itapata nguvu zaidi. Matokeo yake ni mabaya. Vumbi linaloingia huchanganyika na oili na kuwa kama msasa kati ya pistoni na silinda. Ringi huliwa, mgandamizo hupungua, moshi wa bluu huanza, na mwishowe fundi hulazimika kushusha injini, kuchonga silinda na kufunga pistoni mpya. Gharama yake huzidi bei ya chujio mara nyingi, na kwa dereva wa bodaboda ni siku kadhaa bila kipato.

Chujio la sifongo huoshwa kwa maji na sabuni, hukaushwa kabisa, kisha hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi. Hukung'utwa taratibu au hubadilishwa.

Injini nyingi za aina hii huchukua takriban lita 1 ya oili, na oili hiyohiyo hulainisha gia na klachi. Ndiyo maana baadhi ya oili za magari, zilizotiwa viungo vya kupunguza msuguano, hufanya klachi iteleze. Inayofaa ni oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Dereva anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufikisha kilomita 1,000 kwa siku 10 tu, hivyo kusubiri "mwisho wa mwezi" ni kuchelewa. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima au mto.

Baada ya kuvuka maji

Injini ikizimika ndani ya maji, isipigwe kiki. Maji hayagandamiziki, na kulazimisha kunaweza kupinda mkono wa pistoni. Pikipiki isukumwe hadi pakavu, plagi itolewe, kiki ikanyagwe polepole ili maji yatoke kwenye tundu lake, kisha bakuli la kabureta lifunguliwe na chujio likaushwe. Maji yakiwa yamefika kwenye oili, oili ibadilishwe kabla ya safari.

Breki za ngoma zilizolowa hazishiki vizuri. Dereva aende polepole akikanyaga breki kidogokidogo hadi zikauke, na asipakie abiria kabla ya kuzijaribu.

Cheni

Cheni huachwa ilegee kiasi cha sentimita 2 hadi 3 katikati. Ikikazwa mno hula beringi. Ikilegea mno huruka na inaweza kufunga gurudumu la nyuma. Meno ya sproketi yakishachongoka kama ya msumeno, cheni na sproketi zote mbili hubadilishwa pamoja, kwani cheni mpya juu ya meno mabovu haidumu.

Umiliki

Namba ya chesi na ya injini zilinganishwe na zilizo kwenye kadi ya pikipiki kabla ya fedha kutolewa. Uhamisho wa umiliki hufanyika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Pikipiki ya kubeba abiria kwa malipo huhitaji pia leseni ya usafirishaji, inayosimamiwa na LATRA tangu mamlaka hiyo ichukue nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Mnunuzi anayebaki na kadi yenye jina la mwenye zamani hupata shida ya kuthibitisha umiliki pikipiki inapoibwa au kukamatwa.