Upupu

Upupu (Mucuna pruriens) ni mmea mtambaazi wa jamii ya mikunde, wenye asili katika nchi za joto za Afrika na Asia. Huota vichakani, kandokando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa, ukiparamia miti hata kufikia urefu wa mita 15. Kila jani lina vijani vitatu. Maua ya zambarau au meupe huning'inia kwa vichala, kisha hutoa maganda yaliyopinda kama herufi S, yenye vinyweleo vya hudhurungi.

Vinyweleo hivyo ndivyo vilivyoutia jina baya. Maganda yakikauka, upepo huvipeperusha, na mpita njia huanza kuwashwa shingoni asijue amegusa nini. Wanafunzi watukutu huvinyunyiza kwenye viti vya wenzao, utani wa kijinga kwani vikiingia machoni ni balaa. Kinachowasha ni kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho hakitegemei histamini. Ndiyo maana dawa nyingi za mzio, ambazo huzuia histamini, hazifui dafu. Kujikuna huvizamisha vinyweleo zaidi.

Lakini anayeogopa vinyweleo peke yake hajaujua upupu. Mbegu zake zina levodopa, kwa kawaida asilimia 3 hadi 6 ya uzito mkavu, kemikali ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini na ambayo hospitali huitumia kutibu ugonjwa wa Parkinson. Waganga wa Ayurveda nchini India wamezitumia mbegu hizi kwa karne nyingi. Huliwa pia, ila kwa masharti: huchemshwa mara kadhaa na maji humwagwa kila mara. Mwaka 1989, katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, vita na uhaba wa chakula na maji viliwafanya watu wasiziandae hivyo. Wengi walipatwa na wazimu wa ghafla uliotokana na sumu iliyomo katika mbegu hizo.

Wakulima hupanda aina isiyowasha, iitwayo utilis. Mizizi yake huweka nitrojeni ardhini, na majani yake mazito huyanyima magugu mwanga. Nchini Benin upupu umetumika kuzima nyasi kaidi za Imperata. Ukichanganywa na mahindi, hupandwa wiki kadhaa baada ya mahindi hayo. Ukiwahi mno, huyakwea mahindi na kuyalaza chini.