Swali la Maandishi na Meli ya Belgrano

Mwaka 1902, katika Baraza la Makabwela la Uingereza, iliamuliwa kwamba swali lisilotiwa alama ya nyota lijibiwe kwa maandishi. Wengi hulidharau kwa kuwa halina kelele; lakini jibu lililopigwa chapa laweza kurejewa na kulinganishwa na la baadaye.

Tarehe 2 Mei 1982 manowari ya Argentina, General Belgrano, ilizamishwa, wakafa watu 323. Serikali ilisema ilikuwa ikizikaribia manowari za Waingereza. Mbunge Tam Dalyell akauliza, akajibiwa, akauliza tena: ilionekana lini? Ilielekea wapi? Kumbe ilikuwa imekwisha geuka kurudi kwao.

Yafaa kukiri kwamba maswali peke yake hayakufungua mlango. Yalimtia taabuni mtungaji wa majibu. Huyo alikuwa Clive Ponting, afisa wa Wizara ya Ulinzi, ambaye mwaka 1984 alimpelekea Dalyell hati za serikali kwa siri. Akashtakiwa kwa sheria ya siri ya mwaka 1911. Jaji akawaeleza wajumbe wa juri kwamba maslahi ya dola ni yale yaamuliwayo na serikali iliyopo. Nao, mwezi wa Februari 1985, wakamwona hana hatia.